Tone la Kisigino

"Mbona haigeuki?" mama aliuliza.

Fundi wa maabara alitikisa tena kichupa chenye kipande cha kadi mpya, iliyokaushiwa tone la damu ya mtoto. Maji yake yangepaswa kuwa zambarau. Yalibaki na rangi ya majani makavu.

Mama alimpakata mwanawe wa miezi mitano, kichwa kimepukutika nywele zote. Jana sufuria ilimponyoka nyuma ya mtoto, naye hakushtuka. Dada mkubwa wa mtoto huyo alianza vivyo hivyo: nywele, degedege, kisha masikio. Kwa yule walichelewa kujua kwamba mwili wake hauna kimeng'enya cha kuifungua vitamini ya biotini iliyomo kwenye chakula. Tiba yenyewe kidonge kimoja kwa siku, lakini masikio yaliyokwisha kufa hayakurudi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa huyu wa pili, kadi ilifika maabara akiwa na siku tatu tu. Ikawa zambarau. Mama alilia kwa furaha, na vidonge akabaki navyo dada mtu.

"Atameza kuanzia leo," fundi alisema.

"Na masikio?"

Fundi alifunika kichupa.

"Uliichanganya kadi ya mwanangu na ya mtu mwingine, kaka," mama alisema. Hakuwa na nguvu hata ya kupaza sauti. "Sema tu, yaishe."

"Siku ile nilipokea kadi moja, dada. Hiyo hiyo yako." Fundi alikuwa ameirudia hesabu hiyo tangu asubuhi, na kila mara ilimtia hofu zaidi. "Nani alimtoa damu?"

"Mama mkwe. Mimi nilikuwa kitandani na homa. Nesi alimwachia kadi na sindano, akamwelekeza."

Bibi huyo alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, mjukuu mkubwa amemlalia mapajani. Wiki nzima ile alijisifu kwa majirani: shujaa wake alichomwa kisigino na hakulia hata kidogo.

"Bibi," fundi alimwita taratibu, "ulimchoma kisigino cha upande gani?"

Bibi alikipapasa kidole gumba chake.

"Kisigino cha siku tatu, mwanangu, ningekichomaje? Nilitoa yangu. Kwani damu yetu si moja?"