Chupa ya Zaituni

Siku hizi kila mjamzito hupewa na serikali chupa ya nzi wa matunda. Ujumbe wa kemikali ambao wataalamu huupanga ndani ya mimba, wa kuota kichwa huku, wa kuota miguu kule, huupanga pia ndani ya mayai ya nzi, ili familia ijionee mapema mtoto atakavyokuwa.

Mzee Chambuso, mgane mwenye binti mmoja tu, Zaituni, akachungulia chupa aliyopewa binti huyo. Funza walikuwa na mikia pande zote mbili.

Bwana afya aliyeileta akacheka. "Chupa mbovu hiyo, mzee wangu. Nitaibadilisha."

"Mama yake huyu alipokufa mlisema pia mashine ndiyo mbovu. Tumboni kwake hampimi?"

"Baba, basi," Zaituni akanong'ona.

Chupa mpya ikaja, funza wazima, wenye vichwa. Zaituni akashangilia. Mzee alibaki akilitazama tumbo la binti yake, ambalo hakuna mtu aliyeligusa wala kulipima.