Beberu wa Idi

Punda aliingia uani amevaa kanga. Tena si kanga ya kudekia. Ilikuwa ile mpya ya Ruthi, ya Krismasi, ambayo hata kanisani ilikuwa imefika mara moja tu. Ilimfunika mgongo, kwa sababu mkokoteni wa maji wa Ngamiani ulikuwa umemchuna mpaka nyama ikaonekana, na mwenye mkokoteni alitaka kwenda kumtupa.

Asheri, mume wa Ruthi, aliweka jembe chini, akamtazama mgeni kuanzia masikio hadi mkia.

"Karibu, shemeji," akasema. "Tukuchinjie kuku? Ila utatuwia radhi, kuku wetu ana mguu mmoja."

Ndivyo alivyokuwa Asheri. Tangu mwaka hamsini na nane, walipoacha kambi ya mkonge wakapata shamba lao wenyewe kupita Usagara, alikuwa ameapa kwamba hakuna nyapara atakayempigia filimbi tena. Watalima muhogo na mahindi, watafuga kuku wa mayai, wataishi kama watu. Mpango mzuri kabisa. Kisha Ruthi akaleta mbwa chongo aliyeachwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao, akaleta bata aliyevunjika bawa, na sasa punda.

"Nuhu aliagizwa na Mungu," Asheri alizoea kumwambia. "Tena wawili wawili, wazima. Wewe nani kakuagiza vilema, mmoja mmoja?"

Mzima alikuwa mmoja tu pale, naye ni beberu. Ruthi alimwokota angali mchanga kando ya barabara ya Muheza, lori la mkonge limemuua mama yake. Akamlea kwa uji, siku nyingine uji wa mumewe. Beberu akanawiri, akanenepa, manyoya yakang'aa. Asheri akampa jina la Bwana Shauri, kama mkuu wa wilaya wa Kizungu, "maana anakula vya watu, kazi hafanyi, na bado anakutazama kama wewe ndiye mwenye kosa." Hata jani moja hakuwahi kumpelekea.

Basi nguruwe mwitu wakaingia shambani. Muhogo wote wakaufukua, na mahindi yalikuwa bado machanga. Mpaka yakomae, nyumba ingekula nini?

"Mama Eliudi, mambo ni mawili," Asheri akasema. "Auzwe Bwana Shauri, au mimi nirudi kukata mkonge. Chagua."

Ruthi akachagua mume, ingawa ilimbidi afikiri kidogo. Idi ya kuchinja ilikuwa inakaribia, na Mzee Shamsuddin, mwenye duka la vitambaa Ngamiani, alikuwa anatafuta beberu wa kuchinja. Mnyama aliyenona namna ile angewavusha mpaka mavuno.

Siku ya kuja mnunuzi, Ruthi alimwosha Bwana Shauri kwa sabuni huku machozi yakimtoka.

"Kumbe sabuni ipo!" Asheri akasema. "Mimi niliambiwa imekwisha."

Asubuhi hiyo alikuwa amechangamka kupita kiasi. Alimpeleka beberu malishoni mwenyewe, akamrudisha mwenyewe, akamfunga kamba mwenyewe chini ya mfenesi. Tamaa bwana, humfanya mtu mchungaji! Ruthi alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akamchukia.

Mzee Shamsuddin alifika na kanzu yake nyeupe, imepigwa pasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

Akamkagua beberu bila haraka. Macho mawili, masikio mazima, meno yapo. Mnyama chongo hachinjwi Idi, wala anayechechemea. Tanga nzima inajua hilo, hata Walutheri.

"Mashallah," mzee akasema. "Hebu mtembeze."

Asheri akavuta kamba. Bwana Shauri akapiga hatua, akachechemea. Akapiga nyingine, mguu wa mbele ukabaki juu.

"Hee!" Ruthi akashika kichwa. "Jana alikuwa mzima huyu!"

"Si nilikwambia!" Asheri akafoka. "Hiyo hospitali yako inaambukiza!"

Mzee Shamsuddin akainama kuushika mguu.

"Mwache, mzee," Asheri akamzuia upesi. "Ana mateke huyo, atakuchafulia kanzu."

Mzee akanyooka, akatikisa kichwa. "Poleni sana. Ni mzuri, lakini Mungu hapewi kilema. Na Idi ni kesho, ngoja niwahi kwingine." Akaaga, akaenda zake.

Ruthi akaketi kizingitini, akalia. Safari hii hakumlilia mbuzi. Aliijua kambi ya mkonge, aliijua miiba yake, na alikijua kikohozi ambacho mumewe alikuwa ndiyo kwanza ameanza kukisahau.

"Nimekurudisha kwa nyapara," akasema. "Mimi na vilema vyangu."

"Jumatatu si mbali," Asheri akajibu. Hakufoka, wala hakutania. Aliingia ndani, akatoka na kisu chake cha kukatia mkonge, akapima makali kwa kidole gumba. Kisha akamfungua Bwana Shauri, akamvuta nyuma ya banda.

Ruthi alibaki ameduwaa. Mara beberu akalia kwa nguvu, na hapo akili ikamrudia. Mtu aliyekosa kuuza anaweza kuamua kula! Aliruka, akakimbia pekupeku, roho mkononi, akizunguka banda kwenda kumwahi mnyama wake.

Asheri alikuwa amepiga magoti kwenye samadi, amempa mgongo, mguu wa beberu ameupakata mapajani, akichokonoa katikati ya kwato kwa ncha ya kisu.

"Nisamehe, baba," alikuwa akimnong'oneza. "Nilikuchagulia kijiwe kidogo kuliko vyote."