Tumbo la Kocha

Mpira mwembamba wenye kamera, ulioshushwa kooni mwa mgonjwa, uligonga ukuta mahali ambapo ndiyo kwanza tumbo lilipaswa kuanza. Daktari akaurudisha nyuma, akausukuma tena taratibu. Palikuwa na kifuko kidogo kama yai, kisha utumbo. Tumbo lenyewe halikuwepo.

"Limekwenda matembezi?" muuguzi akauliza.

Daktari hakuwa na hamu ya mzaha. Jiwe lilikuwa limeziba mfereji wa nyongo, mgonjwa amekuwa wa manjano hadi kwenye viganja, na homa ilikuwa ikipanda tangu alfajiri. Njia aliyoizoea yeye ya kulifikia jiwe ilipitia tumboni. Hii ilimfikisha njia panda, na kila upande alioushika ulimpoteza. Baada ya saa nzima akasalimu amri, akautoa mpira.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa Kocha, na mtaa mzima ulimjua. Yeye na mkewe walikuwa wanene wa kupindukia, wakapungua mwaka ule ule, miaka sita iliyopita, kwa mbio tu, walivyosema, na sasa watu waliamka asubuhi kuwafuata barabarani. Hata daktari alikuwa amenunua raba. Kwenye fomu, penye swali la upasuaji, Kocha aliandika "hakuna". Yale makovu madogo matano tumboni alisema ni ya waya wa uzio.

Kocha alipozinduka, daktari alimtoa mke nje kwanza.

"Kocha, nani alikukata tumbo?"

Kocha akageukia ukutani. Machozi yakamlengalenga.

"Nilimwambia mke wangu nimekwenda semina," alisema mwishowe. "Yeye alipungua kwa jasho lake, daktari, kilo kwa kilo, akiniangalia mimi. Nitamtazama vipi? Nakuomba, mke wangu asijue. Bora nife."

"Na utakufa kweli, ukiendelea kunificha."

Ndipo akaeleza yote: alivyopasuliwa ili apungue, tumbo lake lilivyotengwa, likaachwa kando, utumbo ukaungwa juu. Daktari alimsikiliza kwa hasira. Neno moja kwenye fomu lilikuwa limewapotezea nusu siku, na nusu siku nyingine huenda mgonjwa huyu hakuwa nayo.

Mke alikuwa kwenye benchi la ukumbini, mkono mmoja ameukandamiza ubavuni. Mkate alioletewa na jirani ulikuwa umemegwa kipande kimoja tu.

"Mawe yametoka wapi, daktari? Mtu anakula kidogo, anakimbia kila siku."

"Mwili ukipungua haraka, mawe hujitengeneza kwenye nyongo. Huwapata wengi."

"Wengi?"

"Wengi, mama. Sasa tutatoboa tundu dogo tumboni, tupitie hapo. Njia yake ya ndani ina kona mbaya."

Mke akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza kona zimetoka wapi.

Mchana huo mpasuaji alitoboa, akalifikia tumbo lililoachwa kando, na daktari akapitisha mpira wake humo. Mara mbili jiwe lilimponyoka. Mara ya tatu likatoka, jeusi, dogo kuliko punje ya mahindi, na nyongo ikafuata kwa kasi. Muuguzi akapiga makofi.

Siku ya nne homa ilikuwa imekwisha na macho ya Kocha yameanza kuwa meupe. Alikaa kitandani akifunga kamba za raba, akimwambia kila aliyepita kwamba wiki ijayo yuko barabarani.

Mke alimfuata daktari ofisini, akaufunga mlango.

"Hukumwambia mtu ulichokikuta ndani ya mume wangu?"

"Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, mama."

"Nilitaka kusikia hivyo."

Akatoa fomu aliyoichukua mapokezi, imekunjwa mara nne, akaikunjua mezani. Ilikuwa na jina lake mwenyewe. Penye swali la upasuaji alikuwa ameandika: tumbo lilikatwa, miaka sita iliyopita.

"Nadhani nami nina mawe," alisema, mkono ubavuni. "Ila nakuomba, daktari, Kocha asijue."