Vishale Mlangoni

Vita vilipokwisha, Zamzamu alirudi nyumbani akakuta mlango wa mninga umejaa vishale vya chuma, vyembamba kama sindano za magunia, vyenye mapezi mkiani. Nyuma ya mlango huo ndipo mumewe alipofia, akiuzuia kwa bega wakati Zamzamu anatorokea uani.

Shemeji yake Hamduni, aliyewahi kuwa askari, alikuja na koleo kuving'oa.

"Shemeji, niambie kweli," Zamzamu alisema. "Vingetoka kwenye bunduki ya marisau, angepona?"

Hamduni alishusha koleo. "Vya bunduki huyumba hewani, vikapoteza nguvu. Vingi vingegonga ubao vikadondoka. Lakini hivi vilirushwa na mzinga, shemeji. Mzinga haujui mbao."

"Kwa hiyo ingekuwa bunduki, leo angenifungulia."

"Pengine angekufungulia."

Zamzamu alimshika mkono asing'oe tena. Akainama, akachungulia kwenye tundu moja kati ya yale yaliyoachwa na vishale vilivyopenya ubao. Ndani, jua lilikuwa limepenya kwenye matundu yote, likatapakaa sakafuni kama mtama uliomwagika.

Akajinyoosha, akaweka sawa mtandio wake, akagonga mlango taratibu.

"Hodi," alisema, akasubiri.