Bakuli Lenye Pengo

Mgeni alikutwa kisimani, kichwa chote amekiingiza ndani, ananusa.

"Toa kichwa chako humo!" Jumagali alimfokea kutoka juu ya farasi. "Maji hayo si ya kunuswa!"

Mgeni aliinuka, akatabasamu. Alivaa suti ya kijivu isiyo na chembe ya vumbi, na kijiji cha karibu kilikuwa mwendo wa nusu siku. Jumagali hakulijali hilo. Aliyatazama maji tu. Yalikuwa yameshuka hadi tope linaonekana, na kisima kikikauka kabla ya mvua, kondoo wangeuzwa kwa bei ya kutupa, naye na mkewe wangehamia kwa mwanao mjini, wakae ghorofani kama njiwa. Afadhali kufa.

Na waliokikausha alikuwa anawajua. Tangu mwanga wa ajabu uonekane juu ya nyika theluji ilipoyeyuka, watu walikuwa wanamiminika na magari na kamera zao, eti wanatafuta watu wa angani. Wanakanyaga malisho, wanaogea maji ya kondoo, wanamwachia chupa tupu. Jumagali aliwachukia kuliko mbwamwitu.

"Na wewe umekuja kutafuta mashetani wa angani?"

"Hapana," mgeni akajibu. "Sisi tunatafuta maji."

"Sisi? Mko wangapi?"

"Wengi. Wenzangu wanangoja niwaambie kama tunakaribishwa."

Basi wamejificha nyuma ya kilima, Jumagali aliwaza, mjeledi ukimwasha mkononi. Lakini katika nyika ile hakuna anayemfukuza mgeni kabla hajaonja chai. Babu yake alimwandalia chai hata mtu aliyemwibia farasi, kisha kesho yake ndipo akamsaka. Akamwongoza mgeni nyumbani huku amesaga meno.

Ndani, mkewe Raushan alikuwa tayari ameketi kando ya samova, birika lao kubwa la chai. Mwanga ule aliuona kwa macho yake akikamua ng'ombe, na tangu siku hiyo alishikilia kwamba kuna viumbe wamekuja kutoka angani.

"Wana akili, baba Daulet," alizoea kusema. "Hawajaja bure."

"Wangekuwa na akili wangekuja huku kwetu kufanya nini?" Jumagali alimjibu kila mara, na mazungumzo yakaishia hapo.

Raushan alinyoosha mkono kuchukua bakuli zuri la wageni.

"Siyo hilo. Mpe lile lenye pengo."

Lilikuwa bakuli la maua ya buluu, limemeguka ukingoni, ambalo siku hizi walilitumia kunyweshea wanakondoo dawa.

"Na ulijaze," Jumagali akaongeza.

Mkono wa Raushan ulisimama hewani. "Unasemaje?"

"Mpaka ukingoni, mama. Husikii?"

"Jamani, aibu! Mtu wa watu hajatukosea."

"Jaza!"

Akufukuzaye hakwambii toka. Katika nyika ile mgeni anayependwa humiminiwa chai kidogo, isifike hata nusu, ili bakuli lirudi kwa mama wa nyumba tena na tena na maongezi yaendelee. Bakuli lililojaa lina maana moja: kunywa, inuka, usirudi. Mtoto anayetambaa analijua hilo. Wanaume wazima wameshikiana visu kwa bakuli moja lililojaa.

Raushan alimimina huku amegeuza uso. Chai ikafika ukingoni, ikapita kwenye pengo, ikamwagikia vidole vya mgeni. Hakushtuka. Alilitazama bakuli lake, kisha akalitazama la mwenyeji wake, lililomiminiwa kidogo kama ilivyo desturi.

"Langu limejaa," alisema polepole. Kikazakhi chake kilinyooka mno, kama cha mtangazaji wa redio. "Lako halifiki nusu. Na kisima chako kimebaki tope."

"Kumbe una macho."

"Na bado umenijazia mimi."

"Nimekujazia wewe! Na hao wenzako kawaambie, aje mmoja, waje elfu, kila mmoja nitamjazia hivi hivi. Umenielewa?"

Raushan akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwani. Tangu aolewe hajawahi kusikia tusi zito kama lile likitamkwa mbele ya chakula.

Mgeni alikunywa yote kwa mkupuo mmoja, ingawa ilikuwa imetoka motoni sasa hivi. Alipoliweka bakuli chini, machozi yalikuwa yanamlengalenga. Jumagali aliyaona, akasikia raha moyoni. Msumari umeingia.

"Naomba nilichukue," mgeni alisema. "Nikawaonyeshe."

"Chukua! Na kila mmoja alione."

Mgeni aliweka mkono kifuani, akainama sana, akatoka.

"Umeona?" Jumagali alijinyoosha juu ya mito. "Dawa yao ndiyo hiyo. Hawatii mguu tena hapa."

Raushan alikuwa ametega sikio. "Baba Daulet, yule kaja na nini? Mbona sisikii gari?"

"Kaja na miguu yake, kaondoka nayo. Nimiminie chai."

Hakumiminiwa. Ulikuwa mchana wa jua kali, lakini chumba kilikuwa kinaingia giza. Nje farasi alilia, akaikata kamba yake. Jumagali aliufungua mlango, andazi bado liko mdomoni.

Kitu kilichoziba jua kilikuwa kimetanda kutoka kilima hadi kilima. Chini yake, kuanzia kisimani mpaka macho yanapokomea, watu wa suti za kijivu walikuwa wamepanga foleni kwa adabu, wanatabasamu, kila mmoja ameshika kwa mikono miwili bakuli tupu la maua ya buluu, lenye pengo ukingoni.