Isale la Mtoto X

Godbless alisimama mlangoni mwa ukumbi wa usharika, Masama, ameshika jani la isale na hana wa kumpa. Ndani, Bibi Ruth alikuwa amekaa kwenye benchi na kitenge chake kipya, ametulia kama anayesubiri ibada ianze. Kiti alichowekewa mwanawe kilikuwa kitupu.

"Bibi, una hakika atakuja?"

"Atakuja. Kaa, utachoka bure."

Angekaaje? Dokta Isack, msimamizi wake wa shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, alikuwa njiani kutoka mjini kuja kumpima. Akifaulu leo, kuna shirika pale Moshi limeshamwahidi kazi. Akifeli, anarudia mwaka, na baba yake kule mtaa wa Soweto ameshasema wazi kwamba mtu mwenye ndevu hasomeshwi mara mbili.

Mteja wa Godbless katika mafunzo kwa vitendo alikuwa mama mzee aliyetelekezwa, na sharti la Dokta lilikuwa moja: mtoto aliyemtelekeza aletwe, akae ana kwa ana na mama yake, msimamizi akiona. Kwa maadili ya kazi yao majina na vijiji vya wateja hufichwa, kwa hiyo kwenye ripoti bibi aliitwa Mama K na mwanawe akaitwa Mtoto X. Dokta alimchukia Mtoto X tangu ukurasa wa kwanza.

"Huyo ni mbinafsi aliyevaa tai," alimwandikia Godbless kwenye simu. "Kitindamimba, kaachiwa kihamba chote cha ukoo, shamba na migomba yake, halafu hata Krismasi hapandi kumwona mama yake? Usimwonee haya."

Godbless hakumwonea haya. Aliongeza sura nzima ya kumponda.

Na alijiona bingwa, tuseme ukweli. Bibi Ruth alikuwa amewafukuza maofisa wa ustawi wote waliomtangulia. Mmoja alitoka mbio na viatu mkononi. Hata yeye siku ya kwanza alipewa mgongo. Ndipo akakumbuka alivyofundishwa darasani: jenga ukaribu, jieleze wewe kwanza. Akajieleza. Alitaja chuo, akataja somo, akamsifu Dokta Isack mpaka mate yakamkauka: makala zake juu ya kutunza wazee, semina zake, anavyotokwa na machozi akifundisha. Bibi akageuka. Akamvutia kigoda, akamletea bakuli la mtori. Godbless alikunywa ule mtori huku akiwaza kwamba kumbe nadharia inafanya kazi.

Tangu hapo bibi akawa mteja wa mfano. Jina la mwanawe tu ndilo alilokataa kulitoa.

"Utalijua akija," alisema. "Wewe mlete mwalimu wako. Mwanangu niachie mimi."

Jambo jingine alilokataa ni kikao kufanyika nyumbani kwake, Machame. "Kwangu gari la mwalimu wako halitafika," alisema. Godbless, aliyeijua ile barabara na tope lake, aliona bibi ana busara, akaomba ukumbi huku Masama.

Isale lilikuwa wazo lake mwenyewe. Huku mlimani, mkosaji akija na isale mkononi, kumnyima msamaha ni mwiko, na Godbless alijua Dokta atalipenda. Angeweza hata kuliandikia sura: "Maarifa ya Asili katika Usuluhishi wa Familia". Hayo maarifa ya asili aliyapata wiki iliyopita. Kabla ya hapo isale alilijua kama mmea wa kuonyesha mipaka ya mashamba.

Gari likaingia uwanjani. Dokta Isack alishuka na miwani ya jua, akanyoosha tai, akaja moja kwa moja hadi mlangoni. Alichokiona kwanza ni kile kiti.

"Godbless, Mtoto X yuko wapi? Nilikwambia usipomleta hatuna kikao. Mtu kama yule ukimlegezea..."

Alivua miwani polepole. Alikuwa anamtazama bibi, mkono umebaki kwenye tai, na hata shikamoo haikumtoka.

Godbless akaona shahada inamponyoka. Hajawahi kumwona Dokta amekasirika kiasi cha kukosa maneno. Akaanza kujitetea ovyo, mara barabara, mara labda simu ya huyo mtu imeisha chaji, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Mwishowe akamgeukia mteja wake.

"Bibi, nakuomba, mwambie Dokta. Si ulisema utamleta mwenyewe?"

"Nilisema," alijibu Bibi Ruth. Akajifunga kitenge chake vizuri, bila haraka, macho yake hayajatoka mlangoni. "Na wewe umefaulu, mjukuu wangu. Sasa mpe mwalimu wako hilo isale, halafu umwonyeshe kiti chake."