Bei ya Kwanza

Adolphine alilipa bei ya kwanza aliyotajiwa, bila kuomba apunguziwe hata kidogo. Muuza samaki wake wa kila siku pale sokoni akabaki ameshika noti hewani, asizitie mfukoni. Gamba la samaki wa ziwani Kilwa liling'aa juu ya kidole gumba chake.

Tangu misa ya asubuhi, maneno ya padri yalikuwa yakimchoma Adolphine: ampunjaye mchuuzi, humpunja Kristo. Ndipo akaazimia kununua kwa haki, kama inavyompasa mwamini.

"Mama Adolphine, uko na kasirani na mimi?"

"Hapana, mama. Ni bei ya haki."

"Haki gani? Siku zote tunagombana bei hapa, tunachekana, nakuongezea samaki moja ya matabisi, ya bure. Ni bageni tu njo bananilipaka hivi! Nilikukosea nini?"

Machozi yalikwisha kumlengalenga muuza samaki. Adolphine akajiuliza: kumbe haki aliyoileta imepokewa kama talaka?

Yule muuza samaki akamrudishia noti zote kiganjani, akamfumba vidole. "Tuanze mupya. Sema iko bei nguvu, nikupunguzie. Sema basi!"

"Iko bei nguvu," Adolphine akanong'ona, na mkono wake ukajikuta ukipiga ishara ya msalaba, kana kwamba anaanza sala.